Bure Iliyomshinda Timazi

Jumapili ile Mchungaji Kijana hakuwa na nia ya kumuumiza mtu. Mwaka wake wa kwanza katika kanisa lile ulikuwa haujaisha, na bado alikuwa na ule moto wa wahubiri wapya, wanaoamini kwamba neno likishasemwa vizuri limekwisha kazi yake. Alihubiri juu ya neema. Alisema wokovu ni zawadi, si mshahara. Alipoona watu wanaanza kupiga miayo akatafuta mfano wa karibu, na mfano wa karibu ulikuwa umekaa kwenye benchi la mwisho, kando ya mlango, umejishika kifua kuzuia kikohozi.

"Mnamwona baba yetu Timazi pale nyuma?" aliuliza. "Hakuna tofali la nyumba hii ambalo halikupita mikononi mwake. Na hatukumlipa hata senti. Lakini nawaambieni, hata yeye, kwa matofali yote haya, hajanunua hata kigoda mbinguni! Kama mbingu ingenunuliwa, Yesu angekufa kwa nini?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Walimpenda yule mzee. Waligeuka wote pamoja kumtazama, na yeye akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu na mgeni. Jina la Timazi alipewa ujanani na mafundi wenzake, kwa sababu ya ile kamba yenye kitunguu cha chuma waashi wanayoitumia kupimia wima wa ukuta. Alikuwa fundi wa kubomoa kazi ya siku nzima kwa ajili ya upogo usioonekana kwa macho ya mtu mwingine.

Meza ya Bwana ilipoandaliwa, Timazi aliinuka akatoka nje, kama alivyofanya siku zote. Jukwaa lile la kushiriki alilijenga yeye, ngazi zake akazisugua kwa jiwe mpaka zikateleza, lakini hakuna aliyewahi kumwona amepiga magoti pale. Waumini walisema ni unyenyekevu. Wengine walimtolea mfano kwa watoto wao.

Mkewe, Mama Kitinda, alimfuata kwa macho kutoka kwenye mabenchi ya akina mama. Aliona namna alivyoshika kizingiti cha mlango ili kuvuta pumzi. 

* * *

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na katika sebule, chini ya dirisha, palikaa cherehani ya Mama Kitinda pamoja na marundo ya sare za shule zilizosubiri kupindwa. Jiko lilikuwa nje, kuta zake matofali matupu. Upepo ukivuma, vumbi la matofali lilianguka kwenye sufuria. Kila mgeni aliyefika mara ya kwanza aliuliza hapa ndipo anapokaa fundi kweli, na Mama Kitinda alikuwa na jibu lake lililokwisha kuchakaa: mganga hajigangi.

Alimwekea mumewe chakula. Mumewe akakitazama.

"Kula japo kidogo, Baba Kitinda."

"Sina hamu."

"Ni yale maneno ya Mchungaji?"

Timazi alisukuma sahani. "Amesema kweli au amesema uongo?"

"Mimi mshonaji, mambo ya mbinguni nitayajulia wapi? Ninachojua ni alichosema daktari. Kasema mapafu yamejaa vumbi la saruji, na mwiko uuweke chini. Hayo nayo ni kweli."

"Uzio wa kanisa umebaki upande mmoja."

"Na jiko langu limebaki pande zote nne."

Binti yao Kitinda, mzaliwa wa mwisho, aliyekuwa muuzaji katika duka la dawa, aliangua kicheko. Alikuwa ndiye pekee aliyebaki nyumbani, na utani wa mama yake ulikuwa umemlea. Lakini baba yake hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza, jinsi saruji ilivyoingia kwenye mistari ya viganja ikagoma kutoka.

"Baba," Kitinda alisema kwa upole, "Mchungaji hakukusema vibaya. Alisema tu kwamba Mungu hahitaji kulipwa."

"Anayesema hivyo ni asiyedaiwa," Timazi alijibu, akaenda kulala mchana kweupe, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mama Kitinda alikitoa chakula mezani akakifunika. Katika ndoa yao alijifunza mapema kwamba Jumamosi zote ni za kanisa. Siku nyingine zisizo na kibarua zilikuwa za Mama Pacha, mjane wa mdogo wake Timazi. Mdogo mtu alikufa kazini, mtaro wa msingi ulipomwangukia, akamwacha mkewe na mapacha wanaonyonya. Timazi aliwasomesha wale watoto mpaka wakaondoka kwenda kujitegemea. Bati likitoboka kwa Mama Pacha, anaziba. Nyumba ya Mama Pacha ilipigwa lipu ndani na nje, ikapakwa chokaa, na baraza ikasakafiwa. Damu nzito kuliko maji, Mama Kitinda alijiambia. Alijiambia hivyo mara nyingi hadi maneno yakakosa ladha, lakini hakuwahi kumlaumu mumewe mbele ya watu.

* * *

Mchungaji Kijana aliambiwa na mzee mmoja wa kanisa kwamba mfano wake umemkwaza Timazi. Alikuja siku ya pili yake, ameshika kofia mkononi kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mama Kitinda alimkaribisha, akahamisha sare za shule kwenye kiti ili apate pa kukaa, kisha akaenda nyuma ya pazia kuchemsha chai kwenye jiko dogo la mafuta.

"Mzee, nimekuja kuomba radhi," Mchungaji alianza. "Nilitaka kukusifu, ulimi ukateleza."

"Haukuteleza. Ulisema unachokiamini. Sasa nikuulize. Mtu akimuua mtu, halafu akasema 'nisamehe,' yamekwisha?"

"Akitubu kwa moyo, Mungu anamsamehe, ndiyo."

"Bure?"

"Bure, Mzee. Aliyelipa ni mwingine."

Timazi alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza alifuta mdomo kwa kitambaa na kukikunja haraka asionekane alichotema. "Mdogo wangu hakufa kwa ajali," alisema.

Nyuma ya pazia, Mama Kitinda alikuwa anatia majani ya chai. Mkono wake ukasimama juu ya sufuria.

"Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi, na mwenye nyumba alikuwa ananisukuma. Mdogo wangu alisimama ukingoni mwa mtaro akasema, 'Kaka, udongo huu haushiki. Tuuache ukauke.' Alikuwa sahihi. Na mimi nilijua yuko sahihi, Mchungaji. Udongo naujua mimi. Lakini vibarua walikuwa wanatusikiliza, nikaona anataka kunifundisha kazi mbele yao. Nikamwambia, 'Kama unaogopa udongo, nenda nyumbani ukashone magauni na shemeji yako.' Vibarua wakacheka. Akanitazama. Akaingia."

 Maji yalichemka yakamwagikia moto, jiko likatoa moshi, na Mama Kitinda hakulizima.

"Tulipomtoa, mdomo wake ulikuwa umejaa," Timazi alisema. "Umejaa udongo."

 Chuoni Mchungaji Kijana alijibu maswali magumu kuliko hayo, lakini pale waliouliza hawakuwa na mtu kaburini. Mwishowe akasema, "Mungu amekwisha kukusamehe, Mzee."

"Lini?"

"Ulipomwomba."

"Sijamwomba."

"Miaka yote hii? Kwa nini?"

"Nyumba haianzi kujengwa paa. Nilisema nilipe kwanza, nikikaribia kumaliza ndipo niombe, nikiwa na uso wa kuombea. Ndiyo sababu siji mezani kwenu."

"Lakini Mzee, kama ungeweza kulipa, usingekuwa na haja ya kuomba."

Timazi alimtazama kana kwamba amepigwa kofi. "Kwa hiyo unaniambia nimekuwa najenga hewa."

"Hapana. Umetujengea sisi. Tunasali ndani yake, mvua hainyeshi juu ya vichwa vyetu..."

"Sikuwajengea nyinyi!"

Sauti ilivunjika katikati, kikohozi kikamkamata. Mchungaji aliinuka kumshika, mzee akamsukuma mkono. Mama Kitinda alitokeza na chai. Aliiweka mezani bila kumtazama yeyote. Mchungaji alikunywa chai yenye harufu ya moshi mpaka mwisho kwa sababu hakujua jinsi ya kuondoka.

Alipokwisha kwenda, mke na mume walibaki pale pale.

"Umesikia," Timazi alisema.

"Nimesikia." Alikuwa anakusanya vikombe. "Nimesikia mpaka magauni yangu yalivyoingizwa." Akatoka nje, akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa mbele ya jiko lake. Hakulia. Alikuwa anajaribu kuifumua ndoa yake mshono kwa mshono, ajue ni wapi uzi ulipokatika bila yeye kujua.

* * *

Kesho yake Timazi alichukua mwiko akaenda kanisani. Mkewe alimwona akivaa viatu vya kazi, na hakumzuia. Baadaye alijilaumu kwa hilo, ingawa hakuna ambaye angeweza kumzuia.

Alijenga upande wa uzio uliobaki, peke yake, juani. Wapita njia walimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Mwanamke aliyekuwa anafagia uwanja wa kanisa alisema baadaye kwamba mzee alikuwa anapanga matofali haraka haraka, hapimi, na kwamba mstari wa juu ulikwenda upogo, nalo hilo ndilo lililomtisha kuliko damu aliyokuwa anaikohoa. Alipoanguka, saruji ilikuwa bado mbichi kwenye mwiko.

Walimrudisha nyumbani kwa toroli. Hapakuwa na kitu kingine karibu, na waliokuwepo walikuwa vibarua wawili wa jengo jirani. Mtaa mzima ulimwona Timazi amekunjwa ndani ya toroli la zege, miguu inaning'inia, viatu vinagonga gurudumu. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa kanga. Mama Kitinda alitoka mbio na sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani kwa nguo yake.

Hospitali ilikaa naye siku chache, ikamtia mipira ya hewa puani, kisha ikamrudisha. Daktari alimvuta Kitinda kando. "Wewe ni mtu wa dawa, utanielewa," alimwambia. "Mpelekeni akae na watu wake." Kitinda alielewa. Alilia chooni, akanawa uso, akatoka na kumwambia mama yake kwamba baba atapumzikia nyumbani.

"Usinifiche kama wanavyonificha wengine nyumbani kwetu," mama yake alisema. "Anakufa?"

Kitinda alimshika mama yake mabegani, machozi yakamtoka upya.

* * *

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi. Nguo za watu wa maofisini zilining'inia kila mahali katika sebule yake iliyopakwa chokaa, zimepangwa kama watu wanaosubiri kuitwa. Mama Kitinda alipoingia, alikuta mwenziwe anapuliza makaa ya pasi.

"Karibu, dada. Shemeji anaendeleaje? Nilikuwa nataka kuja leo jioni."

Mama Kitinda hakukaa. Alikuwa amejipanga njiani, maneno ya kuanzia na maneno ya kumalizia, lakini yalitoka yote kwa mkupuo. "Mumeo hakufa kwa ajali. Aliambiwa aingie kwenye ule mtaro, naye alishasema udongo haushiki. Aliyemwingiza ni mume wangu. Alimdhihaki mbele ya watu mpaka akaingia. Nimeona heri ulisikie kwangu."

Mama Pacha aliweka pasi juu ya kigae. Akalikunja shati alilokuwa analinyoosha, mkono mmoja, mkono wa pili, akaliweka juu ya mengine.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Yote. Hata lile la magauni. Kibarua mmoja aliniambia siku ya mazishi, tukiwa bado makaburini. Aliona si haki nisijue."

Mama Kitinda alikaa sasa, bila kukaribishwa tena, juu ya mfuko wa nguo chafu. "Siku ya mazishi," alirudia. "Umejua miaka yote hii. Ukamwacha akuzibie mabati. Akusomeshee watoto. Akupigie lipu, mimi nikila vumbi la matofali!"

"Usinipigie kelele, dada. Mimi ndiye niliyefiwa."

Mama Pacha akachukua shati jingine.

"Mwanzoni nilimwacha kwa sababu nilimchukia," Mama Pacha alisema. "Nilisema afanye kazi mpaka mgongo uvunjike. Nilikuwa nakaa hapa dirishani namtazama anavyotoka jasho, roho inapoa. Sikufichi. Baadaye chuki ikaniishia. Nikataka kumwambia: Shemeji, inatosha, najua, na nimekusamehe. Unafikiri alinipa nafasi? Nikifungua mdomo, ananikabidhi mfuko wa unga. Nikimwambia 'kaa tuzungumze,' anapanda juu ya paa. Siku moja nilimshika mkono kabisa. Akasema, 'Ngoja nikaangalie ule mfereji,' akaruka ukuta kama mwizi!"

Mama Kitinda alicheka pasipo kutaka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kitu kingine.

"Amenijengea nyumba nzuri," Mama Pacha alisema, akitazama kuta zake. "Lakini kila akija alikuwa anamleta yule maiti pamoja na vifaa. Mimi nilitaka kumzika mume wangu, dada. Yeye hakuniruhusu. Angenisikiliza siku moja tu, tungemzika."

"Basi njoo umwambie sasa. Hawezi kuruka ukuta tena."

* * *

Timazi alikuwa ameegemezwa kwenye mito, anapumua kama mtu anayesukuma mlango mzito. Alipomwona Mama Pacha mlangoni, macho yake yalianza kuhangaika chumbani, yanatafuta kitu.

"Kitinda," aliita. "Nyuma ya nyumba kuna mabati mawili mazima. Mpe shangazi... mpe mama yako mdogo aondoke nayo."

"Leo sitaki bati," Mama Pacha alisema. Alivuta kigoda akakaa karibu sana na kitanda, magoti yakigusa godoro. "Shemeji, leo utanisikiliza. Najua ulichomwambia mume wangu pale mtaroni. Nimejua tangu tunamzika."

Timazi alifumba macho. Mama Kitinda, aliyesimama miguuni pa kitanda, aliona machozi yakipenya kwenye kope zilizofungwa. Hakuwahi kuyaona kabla ya hapo, hata walipomzika mtoto wao wa kwanza.

"Nimekusamehe," Mama Pacha alisema. "Si leo. Zamani."

"Kwa sababu ya watoto? Kwa kuwa niliwasomesha?"

"Hapana."

"Kwa sababu ya nyumba?"

"Nyumba ilinichelewesha."

"Sasa kwa nini?"

"Sina sababu ya kukupa."

Timazi alifumbua macho, na ndani yake mlikuwa na hasira, hasira halisi ya fundi aliyeletewa kazi mbovu. "Haiwezekani iwe hivyo tu. Lazima kuna ninachotakiwa kufanya. Niambie nifanye nini."

"Hakuna."

"Niseme mbele ya kanisa. Nikiri mbele ya wote. Mnibebe mnipeleke."

"Kama unataka kusema, sema. Lakini kwangu hakuna kilichobaki."

Timazi aligeuza uso akaelekea ukutani.  

Mama Pacha alirudi siku iliyofuata, na iliyofuata hiyo. Alileta uji mwepesi kwenye chupa ya chai, akaumimina bakulini, akaukoroga upoe, akampelekea kijiko mdomoni. Timazi alifunga mdomo. Mkewe akimlisha alikula, Kitinda akimlisha alikula, lakini kijiko kikitoka mkono ule midomo ilikaza kama ya mtoto anayekataa dawa. Mama Pacha hakubishana. Aliweka bakuli chini, akakaa kidogo, akaaga.

"Unamsumbua," Kitinda alimwambia barazani. "Hataki, mama mdogo."

"Anataka. Hajui namna."

Mchungaji Kijana naye alikuwa anakuja. Hakuhubiri tena. Alikaa, alikunywa chai, na alipoulizwa alijibu kwa ufupi. Mchana mmoja Timazi alimwita karibu, kwa kuwa sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Mchungaji. Kama ni bure, mbona inauma kuliko kazi?"

Mchungaji Kijana alifikiri. Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kusamehewa jambo kubwa. Alikuwa mtoto mwema wa wazazi wema, na neema aliihubiri kama mtu anayesifu mji aliousoma kwenye ramani.

"Sijui, Mzee," alisema.

Timazi aliitikia kwa kichwa polepole. Ilionekana kama jibu hilo limemridhisha kuliko yote aliyowahi kupewa. "Kesho niletee mkate na kikombe," alisema. "Nitajaribu."

Alasiri hiyo Mama Pacha alikuja na uji wake. Alikoroga, akapuliza, akapeleka kijiko. Timazi alimtazama kwa muda mrefu.  Kisha akafungua kinywa.

Alimeza kwa shida, uji kidogo ukamwagikia shingoni, Mama Pacha akaufuta kwa ncha ya kanga yake. Kijiko cha pili. Cha tatu. Alikuwa anakula huku analia, pua inatiririka, bila haya. Hakulimaliza bakuli. Alipotosheka alishika mkono wa shemeji yake akauweka juu ya kifua chake, pale palipokuwa panapwita, akausahau hapo mpaka usingizi ukamchukua.

Mama Kitinda aliyaona yote akiwa amesimama mlangoni na beseni la maji. Alifurahi, na papo hapo alisikia wivu mchungu ukimpanda. Yeye alikuwa amemlisha mtu huyu maisha yake yote.

* * *

Asubuhi yake, Mama Kitinda alikwenda kuanika shuka, aliporudi alikuta chumba kimetulia vibaya. Alisimama na kapu la vibanio mkononi. Hakupiga yowe. Alimfunga macho, akamnyoosha miguu, akamwita mwanawe.

Mchungaji Kijana alifika na mkate na kikombe vimefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichopigwa pasi vizuri. Aliwakuta wanawake wamekwisha kukaa chini. Akasimama pale mlangoni na sinia yake.

"Umechelewa, Mchungaji," Mama Kitinda alimwambia. "Lakini alikula jana."

Mchungaji hakuelewa mara moja. Alimtazama Mama Pacha, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, kisha akatazama bakuli lililokuwa bado kwenye kigoda, uji umegandia pembeni. Polepole aliweka sinia chini, akavua viatu, akakaa sakafuni pamoja nao.

Mazishini, kanisa lilijaa mpaka nje. Walisimama watu mmoja baada ya mwingine kutaja kazi za marehemu: jengo, kisima, darasa la watoto, nyumba ya mjane. Mzee mmoja wa kanisa alisema kama kuna mtu aliyeingia mbinguni kwa miguu yake mwenyewe, basi ni Timazi. Watu wakaitikia. Mama Kitinda alisikiliza akiwa amekaa mbele, na kila sifa ilimwangukia kama tofali mapajani. Alipoitwa aseme neno, alikataa kwa kichwa. Kilichokuwa kinywani mwake hakikufaa kusemwa mbele ya jeneza.

Jioni waombolezaji walipotawanyika, alibaki na Mama Pacha, wanaosha vyombo vya watu kwenye beseni kubwa uani. Kitinda alikuwa amelala ndani kwa uchovu. 

"Mwenzangu," Mama Kitinda alisema, "wewe umemsamehe aliyekuulia mume. Mimi hakuniulia mtu. Alinificha tu. Alilala kitandani kwangu na jambo lake, akanipa mgongo, akaenda kuzipa kuta ujana wangu wote. Na leo wamesimama wamezisifu kuta. Nimejaribu tangu asubuhi kumsamehe. Nimeomba. Nimefunga hata kula. Siwezi. Nifundishe. Wewe ulifanyaje?"

Mama Pacha aliacha kusugua. Povu lilimteremka kwenye mikono mpaka viwikoni.

"Nitakudanganya nikisema nilifanya," alisema. "Nilijaribu kama wewe, nikashindwa. Nilikwenda kwenye maombi, nikatoa sadaka, nikarudi na chuki yangu nimeibeba mgongoni kama mtoto. Halafu siku moja, nilikuwa napiga pasi tu, nguo za mtu hata nisiyemjua, nikamwona shemeji kwa dirisha amekaa juu ya paa la jiko langu, amechoka, anakula kipande cha mkate peke yake. Nikaitafuta ile chuki, sikuiona. Sijui ilitokaje. Sikuifukuza mimi."

"Na kama kwangu haitatoka?"

"Sijui, dada."

"Niendelee kungoja tu? Nikae mikono mitupu?"

"Leo usifanye chochote. Umefanya sana. Leo umefiwa na mume, na hujamlilia bado."

Mama Kitinda alitaka kujibu kwamba vyombo bado ni vingi, na kwamba maji yanapoa. Mama Pacha aliitoa sahani mikononi mwake, akaiweka kando, akamkausha vidole kimoja kimoja. Hapo ndipo kilio kilipomjia, kikubwa, cha sauti ya juu, mpaka majirani wakafungua milango, na Kitinda akatoka ndani mbio akidhani kuna mtu mwingine aliyekufa.